Maumivu ya Mtoto Anayepasuliwa Kidole Tumbo: Utangulizi kwa Anayeanza

Huenda umemaliza masomo ya uuguzi mwaka huu, huenda wewe ni daktari kijana uliyetumwa mbali na mji uliosomea, au ni mzazi unayetaka tu kuelewa kinachofanyika nyuma ya mlango wa chumba cha upasuaji. Wote mna nafasi hapa. Lakini nikiandika, ninayemwona zaidi mbele yangu ni yule atakayepangiwa zamu ya usiku katika hospitali ya rufaa ya mji kama Manono.

Manono ilikua kwa bati, na siku hizi inatajwa duniani kwa lithiamu. Utajiri huo haujaisogeza karibu na Kalemie, makao makuu ya mkoa wa Tanganyika nchini Kongo. Kati ya miji hiyo miwili kuna mamia ya kilomita, na masika yakiingia kila mtu anajua barabara inavyokuwa. Kwa hiyo mtoto atakayeletwa juu ya kiti cha nyuma cha pikipiki, amejikunja, mkono tumboni, akisema “tumbo inaniluma”, atatibiwa hapo hapo, kwa kilichomo kabatini. Nina habari njema: karibu kila kitu kinachohitajika ili mtoto huyo asiteseke kinaenea katika kabati moja. Kinachokosekana mara nyingi ni mpango.

Tuanze na kiungo chenyewe. Kidole tumbo ni kijifuko chembamba kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, chini upande wa kulia. Kina mlango mmoja tu. Mlango huo ukizibwa na kipande kigumu cha kinyesi, au na tezi za ukuta wake zilizovimba, ute hukwama ndani, bakteria huzaana, na kijifuko hujaa. Uvimbe huo ndio ugonjwa ambao wengi huuita apendisiti. Usipotibiwa, ukuta huoza na kutoboka, usaha ukamwagika tumboni. Kwa watoto walio chini ya miaka 5 hilo hutokea haraka, na wengi wao hufika hospitalini kijifuko kimeshatoboka.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1971 kwamba ugonjwa huu ni wa nadra vijijini Afrika kwa sababu watu hula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Hoja yake inajadiliwa hadi leo. Wewe chukua tahadhari moja tu: nadra si sawa na haupo. Mtoto aliyelelewa kwa bukari na sombe anaweza kuupata. Tena katika eneo lenye malaria nyingi, kipimo cha haraka kinaweza kuonyesha vimelea kwa mtoto ambaye tumbo lake linauma kwa sababu nyingine kabisa. Kipimo cha malaria kikisoma ndiyo, tibu malaria, lakini usiondoe mkono wako tumboni.

Sasa tuingie kwenye msingi ambao ningependa ukae nao muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya maandishi haya. Mtoto huyu ana maumivu ya aina mbili.

Ya kwanza ni maumivu ya kiungo cha ndani. Kidole tumbo kikijaa, neva zake hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na huingilia pale pale zinapoingilia neva za ngozi ya kitovu. Ubongo hauwezi kutofautisha. Ndiyo maana mwanzoni mtoto huonyesha kitovu, kwa kiganja kizima, na ukimwuliza ni wapi hasa anakosa jibu. Maumivu haya ni mazito, yanakuja na kichefuchefu, na chakula humchukiza.

Ya pili huja saa kadhaa baadaye, uvimbe unapougusa utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani, unaoitwa peritoneo. Utando huu una neva zinazojua mahali. Sasa mtoto anaonyesha kwa kidole kimoja, chini kulia, karibu na pale Charles McBurney wa New York alipopaeleza mwaka 1889. Maumivu yamekuwa makali, na kila mtikisiko unayaongeza. Mwambie aruke kwa mguu mmoja: atakataa, au ataruka mara moja tu na kushika tumbo. Yule anayelala kimya bila kujigeuza usimhesabu kuwa ametulia. Amegundua kwamba kusogea kunauma.

Kwa nini nakusisitizia jambo hili wakati nimekuahidi habari za dawa? Kwa sababu kisu cha daktari kinaacha maumivu hayo hayo mawili. Ngozi, misuli na utando uliokatwa hutoa maumivu makali yenye mahali. Utumbo ulioshikwashikwa, na mzizi wa kidole tumbo uliofungwa uzi, hutoa yale mazito yasiyo na mahali. Dawa inayozima aina moja si lazima izime nyingine. Ukilielewa hilo umeshapita nusu ya safari, maana makosa mengi ninayoyaona hutoka kwa mtu aliyeweka tegemeo lote kwenye dawa moja.

Fuata njia ya habari ya maumivu. Kwenye jeraha, chembe zilizoumia humwaga kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huzifanya ncha za neva ziwe nyepesi kuamka. Neva hubeba habari hadi uti wa mgongo, ikapokelewa na neva nyingine, ikapanda ubongoni, na hapo tu ndipo inakuwa maumivu. Ni kama lori linalotoka Manono kwenda Kalemie na kukuta vizuizi njiani: kila kizuizi hulichelewesha au hulipunguzia mzigo, na penye vizuizi vinne hakuna haja ya kimoja kuwa kikali mno. Ibuprofeni hufanya kazi kwenye jeraha, kwa kupunguza prostaglandini. Dawa ya ganzi, kama bupivakaini au lidokaini, huifunga neva yenyewe. Morfini na ketamini hufanya kazi kwenye uti wa mgongo na ubongo. Parasetamoli nayo hufanya kazi zaidi huko juu. Mpango wa kutumia kadhaa kwa pamoja, kila moja kwa kipimo cha wastani, wataalamu huuita tiba ya njia nyingi. Faida yake kubwa ni kwamba mtoto huhitaji morfini kidogo sana, na mara nyingine haihitaji kabisa.

Kuna jambo jingine kuhusu uti wa mgongo. Ukipigiwa kelele muda mrefu, hujifunza kusikia zaidi. Neva zake huwa nyepesi kiasi kwamba mguso mdogo unasomwa kama maumivu. Kwa hiyo dozi inayotosha saa mbili baada ya upasuaji, mtoto akiwa bado ametulia, inaweza isitoshe kabisa akishalia saa nzima. Wahi.

Huenda unajiuliza kama watoto kweli huumia kama watu wazima. Usione aibu, swali hilo limewashinda wakubwa. Upasuaji wa kwanza wa kuondoa kidole tumbo unaojulikana ulifanywa London mwaka 1735 na Claudius Amyand, na mgonjwa alikuwa mvulana wa miaka 11. Ulichukua karibu nusu saa, naye alikuwa macho, kwa sababu etha ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, zaidi ya miaka 100 baadaye. Hata etha ilipokuja, watoto wachanga waliendelea kusahaulika. Hadi miaka ya 1980 wengine walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli bila dawa ya kutosha ya kuondoa maumivu, kwa imani kwamba neva zao hazijakomaa. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake walionyesha kwamba watoto wachanga waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji walipata msukosuko mdogo wa mwili na matatizo machache kuliko wasiopewa. Leo maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wa maumivu duniani, yaliyorekebishwa mwaka 2020, yanasema wazi kwamba mtu kutoweza kusema hakumaanishi haumii.

Basi tunayapimaje? Kwa mtoto mwenye miaka 8 au zaidi, mwulize namba: sifuri ni hakuna, kumi ni makali kupita yote. Kwa mwenye miaka mitatu kwenda juu, tumia nyuso zilizochorwa, kuanzia anayetabasamu hadi anayelia, kama zile zilizoundwa Oklahoma mwanzoni mwa miaka ya 1980 na muuguzi Donna Wong na mwenzake Connie Baker. Hapa jihadhari. Watoto wengine huchagua uso wanaoupenda, wengine hudhani unawauliza kama wana huzuni. Mweleze kwanza kwa utulivu kwamba kila uso unasema tumbo linauma kiasi gani, kisha mwache aonyeshe.

Kwa aliye mdogo zaidi, au asiyeongea na mgeni, tazama mambo matano: uso, miguu, mwili unavyotulia au kujinyonganyonga, kilio, na kama anabembelezeka. Kila jambo lina alama 0 hadi 2, jumla 10. Kipimo hiki kilitoka Michigan mwaka 1997, nacho hakihitaji umeme wala karatasi maalumu. Kwa maoni yangu ndicho bora zaidi kwa wodi zetu, kwa sababu mama anaweza kufundishwa asubuhi na kukisaidia usiku. Muulize yeye pia. Anamjua mwanawe anavyolia kwa njaa na anavyolia kwa uchungu.

Tumrudie mtoto aliyefika. Tuseme ana miaka 6 na mizani inasema kilo 20. Mizani ikiwa imeharibika, kuna hesabu ya dharura kwa watoto wa mwaka 1 hadi 10: ongeza 4 kwenye miaka yake, kisha zidisha kwa 2. Hapa tunapata kilo 20 pia, lakini kwa mtoto mwenye utapiamlo hesabu hiyo hudanganya, kwa hiyo tafuta mizani.

Swali la kwanza utakaloulizwa na mkubwa wako ni hili: tukimpa dawa ya maumivu kabla daktari hajamwona, hatutaficha ugonjwa? Hofu hiyo ilikuwa na msingi zamani. Zachary Cope, katika kitabu chake cha mwaka 1921 kuhusu maumivu ya ghafla ya tumbo, aliwaonya madaktari dhidi ya morfini kabla ya kupata jibu, na vizazi vikamfuata. Tafiti za baadaye, zikiwemo za watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000, hazikuona kwamba dawa inapoteza utambuzi. Mtoto aliyepunguziwa maumivu hulegeza tumbo, akakuruhusu kumpapasa vizuri, na sehemu ya chini kulia hubaki na uchungu wake. Mpe dawa, andika saa uliyompa, kisha mwite daktari. Angalizo moja: maumivu yakipungua ghafla yenyewe wakati homa na mapigo ya moyo yanapanda, huenda kidole tumbo kimetoboka. Hapo nafuu ni dalili mbaya.

Parasetamoli ndiyo msingi. Kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, yaani miligramu 300 kwa mtoto wetu. Kama anatapika, ipo ya kupitia mshipani, na hapa nataka usimame pamoja nami mbele ya chupa yenyewe. Chupa ina mililita 100, na ndani yake kuna miligramu 1,000. Kila mililita moja, basi, ina miligramu 10, na mtoto wetu anahitaji mililita 30 tu, zipitishwe kwa dakika 15. Ukichanganya miligramu na mililita umemzidishia mara 10, na ini litaumia. Wala usining'inize chupa nzima ukitumaini kwamba utarudi kuifunga kwa wakati. Usiku wa zamu utaitwa kwenye uzazi, na chupa itaendelea kushuka. Vuta mililita 30 kwa bomba la sindano, zitie kwenye kifaa kingine, chupa irudi kabatini.

Ibuprofeni, miligramu 5 hadi 10 kwa kilo kila baada ya saa 6 hadi 8, ni mwenzake mzuri, lakini subiri. Mtoto aliyetapika siku mbili amekauka, na ibuprofeni kwa mtoto aliyekauka inaweza kudhuru figo. Mpe dripu kwanza, uone mkojo, ndipo uianze. Aspirini usimpe mtoto.

Sasa chumba cha upasuaji, au bloku kama wengi wanavyoiita. Katika hospitali nyingi za Kongo anayemlaza mgonjwa ni muuguzi aliyesomea dawa za usingizi, na dawa anayoitegemea mara nyingi ni ketamini. Ilitengenezwa mwaka 1962, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Sifa yake ni kwamba mtoto huendelea kupumua mwenyewe, shinikizo la damu halishuki, nayo haihitaji mashine ya gesi. Miligramu 1 hadi 2 kwa kilo mshipani humlaza kwa dakika 10 hadi 20, kisha huongezwa. Usishtuke macho yakibaki wazi yakicheza: hayupo nawe. Pamoja na hayo ketamini ina mapungufu. Haitoshi kulegeza misuli ya tumbo, daktari wa upasuaji atanung'unika, na ndiyo maana wengine huongeza dawa ya kulegeza au, kwa mtoto mkubwa mtulivu, hupiga ganzi ya uti wa mgongo. Mate huongezeka, na mtoto anaweza kuamka akiona mambo ya ajabu. Mwamshie mahali penye utulivu, mama yake akiwa karibu. Kipimo cha oksijeni kikae kidoleni hadi aamke kabisa.

Kabla ngozi haijashonwa, mkumbushe daktari jambo dogo ambalo kwangu ndilo lenye faida kubwa kuliko gharama yake: kutia ganzi kwenye kingo za jeraha. Bupivakaini isizidi miligramu 2 kwa kilo, yaani miligramu 40 kwa mtoto wetu. Ikiwa chupa ni ya asilimia 0.25, kila mililita ina miligramu 2.5, kwa hiyo mwisho ni mililita 16. Ikiwa ni ya asilimia 0.5, mwisho ni mililita 8, nawe unaweza kuichanganya na maji ya chumvi kiasi kile kile ili ienee. Vuta bomba nyuma kila unapochoma, uhakikishe hauko ndani ya mshipa, maana dawa hii ikiingia kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Jeraha litakaa kimya kwa saa kadhaa. Kumbuka lakini yale maumivu mawili: ganzi ya ngozi haifiki kwenye utumbo, basi parasetamoli isikatizwe kwa sababu jeraha halilalamiki.

Baada ya bloku, dawa ziende kwa saa. Kanuni ya “mpe akiumwa” huwafaa wenye sauti. Mtoto mwoga, aliyejifunza kwamba kusema kunaleta sindano, hatasema. Kwa siku mbili za kwanza mpe kwa ratiba, mchana na usiku, na mara anapoanza kunywa hamia dawa za mdomo. Sindano ya msuli iepuke kila unapoweza.

Akibaki na alama 7 licha ya hayo yote, hasa kama kidole tumbo kilitoboka na jeraha ni refu, anahitaji morfini. Najua neno hilo linatisha. Watauliza kama atakuwa teja. Mtoto anayepewa morfini siku chache kwa maumivu ya kweli, kwa kipimo cha uzito wake, hageuki teja. Hatari ya kweli ni kupumua. Kwa mshipa anza na miligramu 0.05 kwa kilo, polepole, kisha ngoja uone kabla ya kuongeza. Kwa mdomo ni miligramu 0.2 kwa kilo kila saa 4. Usingizi mzito hutangulia: mtoto asiyeamka akiitwa na kuguswa asipewe dozi nyingine, na nalokzoni, dawa inayoipindua morfini, iwe imeshawekwa karibu kabla hujaanza.

Usikubali kuambiwa kwamba morfini ni ya nchi tajiri. Uganda, jirani yetu, tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa mwaka 1993, imekuwa ikichanganya morfini ya maji kutokana na unga, na mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika wenyewe. Mwaka 2017 tume ya jarida la The Lancet ilikadiria kwamba katika tani karibu 300 za dawa za jamii hii zinazogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi hupata takriban tani 0.1. Dawa yenyewe ni ya bei ndogo. Tatizo ni vibali, hofu na ufunguo wa kabati.

Mahali pa morfini utashawishiwa kutumia kodeini au tramadoli, ambazo maduka ya dawa hayakosi. Usizitumie kwa mtoto chini ya miaka 12. Mwili huzigeuza kuwa dawa kali, na baadhi ya watu, wengi zaidi Ethiopia na Pembe ya Afrika, huzigeuza haraka mno. Watoto wamekufa usingizini kwa dozi ya kawaida.

Kuna tiba nyingine zisizo na chupa. Usimdanganye mtoto kwamba haitauma, maana akigundua hatakuamini tena. Mwambie itauma kidogo na utahesabu naye hadi tano. Kukohoa kunauma: kunja kitenge cha mama, akishike juu ya jeraha, kisha akohoe. Apumue kwa nguvu, aketi kitandani siku ya kwanza, atembee siku ya pili. Mtoto aliyetulizwa vizuri hufanya hayo yote, na mapafu na utumbo wake huamka mapema.

Maumivu ya upasuaji hupungua siku hadi siku. Yakigeuka na kupanda, tuseme siku ya tano, pamoja na homa, usiongeze dawa tu: funua jeraha, papasa tumbo, mwite daktari, maana huenda usaha umejikusanya ndani.

Nina ombi moja kwako unayeanza. Kwenye karatasi inayoning'inia kitandani, panapoandikwa joto, mapigo na pumzi, chora safu ya nne kwa kalamu, uiite maumivu, na uijaze kila unapojaza zile tatu.